Safari Yangu ya Gondar

Msomaji mpenzi, yamkini umepata kusimama Malindi penye nguzo ya Vasco da Gama, ukaona jinsi jiwe lile jeupe linavyoikabili bahari kama mtu anayemngoja mgeni aliyekwisha kuja zamani. Mimi huipita karibu kila juma. Nilizaliwa katika vilima vya Machakos, nikajifunza ualimu katika chuo kimoja cha bara, kisha kazi ikaniteremsha pwani kufundisha historia na Kiswahili. Naitaja nguzo hii mwanzoni kwa sababu ndiyo iliyonipeleka, kwa njia ya kuzunguka, mpaka katika mji wa mlimani ulio mbali na bahari yoyote. Tena mtu aliyekosa inampasa aanze hadithi yake pale alipokosea.

Katika muhula wa tatu wa mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha kidato cha pili habari za Wareno. Ilikuwa saa nane ya mchana, na ukiijua Malindi wajua jua la saa nane. Nusu ya darasa ilisinzia, na nusu nyingine iliona wivu. Kwa kutaka kuwaamsha nikatoka kidogo nje ya kitabu. Nikawaambia kwamba Vasco da Gama alikuwa na mtoto aliyeitwa Cristóvão, na kwamba mwaka 1541 mtoto huyo aliingia Uhabeshi, nchi tunayoiita Ethiopia, pamoja na askari wapatao 400 wenye bunduki, kwenda kumsaidia mfalme wa huko aliyekuwa akishindwa vitani na Imamu Ahmad, yule aliyepewa jina la Gran, maana yake mwenye kutumia mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata Cristóvão alikamatwa akauawa. Lakini Wareno waliosalia walipigana bega kwa bega na Wahabeshi hata Imamu mwenyewe akaanguka mwaka 1543. Vichwa vikainuka. Nami, kwa kulewa usikivu wao, nikaongeza: "Wareno hao ndio waliojenga makasri ya mawe ya Gondar, ambayo yangaliko hata leo. Mwishowe walifukuzwa na Mfalme Fasilides, mwenye kasri kubwa kuliko yote."

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hakusema ila akiulizwa, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Kama mfalme huyo ndiye aliyewafukuza, walimjengea lini?"

Wanafunzi wakanitazama. Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu mbele ya watoto 48 huona kila sekunde ina urefu wa mwaka. Ningeweza kusema kwamba nitatafuta. Badala yake nilisema, kwa sauti niliyoijua kuwa si nzuri, "Andika kama nilivyosema." Akaandika. Wote wakaandika.

Usiku ule nilitoa sandukuni daftari langu la chuo. Sentensi ilikuwapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kama nilivyoinakili ubaoni miaka kumi na zaidi iliyopita bila kuiuliza swali hata moja. Nikatafuta tarehe. Fasilides alishika ufalme mwaka 1632. Mapadri Wajesuti, waliokuwa wameletwa na Wareno, walifukuzwa katika miaka miwili iliyofuata. Gondar ulifanywa mji mkuu mwaka 1636. Hesabu ilikataa. Msichana alikuwa amefanya kwa akili tupu, katika muda wa kupepesa jicho, kazi ambayo mimi sikuifanya kwa miaka yote ile.

Utaniuliza kwa nini sikusahihisha kosa kesho yake. Nilijiambia kwamba sina hakika bado. Na maneno hayo, ukiyavua nguo, utakuta kiburi ndani yake. Basi muhula ukaisha, watoto wakaenda likizo, nami nikachukua akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati la nyumba ya mama, nikaazimu kwenda kuona kwa macho yangu. Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba baba yake naye alipata kwenda huko, akarudi na kikohozi.

Hilo lilikuwa kweli. Babu yangu alikuwa askari wa KAR, na jina la Gondar nililisikia kwake kabla sijajua kusoma. Habari zake za vita zilikuwa chache. Alisema kulikuwa na baridi, kwamba milima ya huko haina mwisho, na kwamba mahali pale Wataliano waliacha bunduki zao.

Kwa basi, kutoka Nairobi hata Moyale, ni mwendo wa siku nzima na zaidi, katika barabara ya lami ambayo wazee wa Marsabit waliingoja tangu uhuru. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, na karani wa mpakani alinigongea muhuri huku akinywa kahawa. Toka hapo mpaka Addis Ababa sikuona mengi, kwa maana nililala.

Lakini katika Addis Ababa lilinipata jambo ambalo ni lazima nikuambie, ijapokuwa lanitia haya. Nilikwenda kukata tikiti ya basi la Gondar. Karani, kijana mpole, aliniambia kwa Kiingereza kwamba basi litaondoka saa kumi na moja. Mimi nikajisemea: huyu amesema Kiingereza, kwa hiyo saa yake ni ya Kizungu, na saa kumi na moja ya Kizungu ni saa tano ya asubuhi kwetu. Nikalala vizuri, nikanywa chai, nikafika kituoni saa nne na nusu ya asubuhi. Basi lilikuwa limekwenda zake alfajiri, na kiti changu kilikuwa kimepata mtu mwingine.

Msomaji, Wahabeshi huhesabu saa kama sisi. Jua likichomoza, siku huanza; saa moja ikapita ikawa saa moja. Saa kumi na moja ya karani yule ilikuwa saa kumi na moja ya bibi yangu, kabla ya mapambazuko, wakati jogoo wa pili anapowika. Hata neno lenyewe ni ndugu na letu, maana wao husema "se'at". Wazungu wawili waliokuwa wakisafiri siku ile hawakukosea. Walikuwa wamesoma jambo hilo katika kitabu chao cha wageni. Aliyekosea ni mwalimu wa Kiswahili, ambaye kila mwaka alikuwa akifundisha kidato cha kwanza somo la saa. Nilikaa juu ya mfuko wangu nikacheka mpaka mwuza karanga akanitazama kwa huruma.

Nilikata tikiti nyingine. Karani akaandika tarehe, na mwaka alioandika ulikuwa 2011. Safari hii sikubisha. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kufuatana na mwezi, tena ina miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku 30, na mmoja mfupi wa siku tano au sita. Nilijihisi nimepunguziwa umri bila kulipa.

Kutoka Addis Ababa hata Gondar ni zaidi ya kilomita 700. Nchi ile ni ya juu na tambarare, imelimwa tef kila upande, na mtu hukaribia kusahau kwamba yuko mlimani, mpaka ardhi inapokatika ghafula. Hilo ndilo korongo la mto Abay, tunaouita Naili ya Buluu. Basi liliteremka kwa kona zisizohesabika zaidi ya mita elfu moja, hata hewa ikawa ya moto kama ya Malindi, likavuka daraja lililojengwa kwa msaada wa Wajapani, likaanza tena kupanda upande wa pili likinguruma kwa uchungu. Nyani walikaa ukingoni mwa barabara wakitutazama. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alijifunika uso kwa shuka yake nyeupe tangu juu mpaka chini na tangu chini mpaka juu, midomo ikisali. Nami, kusema kweli, nilimtegemea.

Tulifika Gondar usiku. Mji uko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, na mimi nilikuwa nimetoka katika mji ambao mawimbi hugonga mlango. Mtu wa Addis Ababa haoni tofauti, lakini mimi niliiona katika ngazi za nyumba ya wageni: ngazi ishirini na mbili, nami nikapumzika mara mbili. Kichwa kiligonga usiku kucha. Baridi ya Desemba ilipenya dirishani, na blanketi la pamba wanaloliita gabi, ambalo mwenye nyumba aliniletea bila kuombwa, ndilo lililonivusha mpaka asubuhi. Nikamkumbuka babu na kikohozi chake.

Sasa nikupeleke kwenye makasri, maana ndiyo tuliyoyafuata.

Kabla ya Fasilides, wafalme wa Ethiopia kwa muda mrefu hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Mfalme alikaa hemani, na maelfu ya watu pamoja naye. Kuni na chakula vilipokwisha mahali pale, kambi nzima ilihama. Fasilides alikaa. Alichagua mgongo huu wa mlima kaskazini ya ziwa Tana, akajenga. Na waliomfuata wakajenga kando yake, kila mmoja kasri lake, mpaka uwanja ukajaa. Ukuta unaouzunguka una urefu wa mita 900 hivi na milango kumi na miwili. Ndani yake kuna kasri la Fasilides, maktaba ya mwanawe Yohannes wa Kwanza, kasri la Iyasu, nyumba ya nyimbo ya Dawit, ukumbi wa karamu wa Bakaffa, kasri la mkewe Mentewab, na hata vizimba vya simba. Tangu mwaka 1979 mahali hapa pamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kasri la Fasilides ni refu, la mawe ya kahawia, na katika kila pembe lina mnara wa mviringo wenye kuba kama yai lililosimamishwa. Mtu aliyelelewa penye Ngome ya Yesu ya Mombasa hulitazama na papo hapo moyo wake husema, "Wareno!" Hivyo ndivyo moyo wangu ulivyosema hata baada ya tarehe zote nilizozisoma.

Kiongozi wangu alikuwa mzee mwembamba aliyefundisha shule kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Aliposikia kazi yangu akaanza kuniita "Memhir", neno lao la mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo, ikawa tunaitana mwalimu kutwa nzima kama vichaa wawili. Tulizungumza kwa Kiingereza, lugha ambayo kila mmoja wetu aliitumia kama kiatu cha kuazima. Nilimwuliza swali la msichana wangu, nikajifanya ni langu.

Hakunijibu upesi. Alinipeleka ukutani, akaweka kidole chake katikati ya mawe mawili.

"Hii nini, Memhir?"

"Chokaa," nikasema.

"Basi anza na chokaa. Usianze na Wareno."

Ndipo akanieleza. Zamani za Mfalme Susenyos, baba yake Fasilides, Wajesuti walikuwa wakipendwa sana jumbani. Katika siku zao ujuzi wa kuchoma chokaa na kuunganishia mawe ulienea katika nchi hii, pamoja na mafundi waliotoka India. Susenyos alifuata dini ya Kikatoliki, akataka watu wake wote waifuate. Watu wakakataa. Damu ikamwagika miaka mingi, mpaka mwaka 1632, baada ya vita ambavyo maelfu ya wakulima waliuawa, mfalme akarudisha dini ya kale na kumwachia mwanawe kiti. Fasilides akawafukuza mapadri. Lakini chokaa hakuifukuza.

"Basi nani aliyejenga?" nikauliza.

"Mfalme ndiye aliyetoa amri. Mwaka 1648 alikuja mjumbe wa Imamu wa Yemen, naye aliandika kwamba fundi mkuu wa kasri hili alikuwa Mhindi. Na mikono iliyobeba, iliyochonga na kujenga ilikuwa ya hapa hapa. Unawajua Beta Israel?"

Nilisema nawajua kwa jina: Wayahudi wa Ethiopia. Akanieleza kwamba watu hao, walionyimwa haki ya kurithi ardhi, walishika kazi za uashi, useremala na uhunzi, na kwamba wengi wa waashi wa Gondar walitoka kwao. Walikaa karibu na mji, Woleka, mpaka walipohamia Israeli, wengi kati ya mwaka 1984 na 1991. Nilikwenda Woleka kesho yake. Kuna nyumba za udongo, na wanawake kando ya barabara wanaouza sanamu ndogo za udongo mweusi. Waashi hawapo.

Niliketi juu ya jiwe nikafikiri. Hebu fikiri pamoja nami. Mwezi wa Agosti mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko Goa akabatizwa, aliingia katika Ngome ya Yesu akamwua kapiteni wa Kireno. Mwaka uliofuata Fasilides akashika kiti, akaanza kuwatoa mapadri wao katika milima hii. Mambo mawili haya yamepishana kwa miezi kumi hivi! Ya Mombasa nimeyafundisha kila mwaka. Ya Gondar niliyajua. Sikupata kuyaweka katika ukurasa mmoja, kwa sababu moja lilikuwa katika kitabu cha shule, na jingine katika daftari la chuo, chini ya kichwa cha habari kilichosema: "Kazi Njema za Wareno". Wala sikutaka sasa niruke upande wa pili, nikaseme Wareno hawakuhusika kabisa. Chokaa ile ilinikataza. Mzee alikuwa amenipa jibu lisilotosha katika mstari mmoja wa ubao, na mimi nilikuwa nimezoea mistari mimoja mimoja.

Kasri la Iyasu, mjukuu wa Fasilides, lilikuwa zuri kuliko yote zamani. Husemwa lilipambwa kwa pembe za ndovu na vioo. Leo halina paa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1704 lilianza kuliharibu, na kazi ile ikamalizwa mwaka 1941.

"Nani aliyeimaliza?" nikauliza, kwa kuwa mzee alinyamaza ghafula.

"Ndege za Waingereza. Wataliano walikuwa wameyafanya makasri haya makao yao."

Hapo nilinyamaza mimi. Gondar ulikuwa mji wa mwisho wa Wataliano katika Ethiopia. Walijisalimisha tarehe 27 Novemba 1941, baada ya vita vya milimani ambamo vikosi vya Afrika Mashariki vilipanda miamba hii chini ya risasi. Babu yangu alikuwa mmojawapo, upande ule ule wa zile ndege. Nilimwambia mzee. Akanitazama kwa muda, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno kwa Kiamhari ambayo hakuyafasiri. Tukaendelea. Mimi kwa upande wangu sikujua nione fahari au huzuni kwa ajili ya babu, na hata leo, nikiutazama ule utepe wa nishani yake, vyote viwili huja kwa pamoja.

Siku ya tatu nilipanda kanisa la Debre Berhan Selassie. Si mbali, lakini ni mlima, na kila hatua mia moja niliketi kama mzee huku watoto wenye vitabu vya shule wakinipita mbio. Kwa nje hutaliona la ajabu: nyumba ya mstatili, paa la nyasi, ukuta wenye minara mifupi, miti ya kienyeji yenye kivuli kizito. Ingia ndani uinue macho. Dari yote imechorwa nyuso za malaika, zaidi ya mia moja, kila mmoja ana mabawa mawili tu na kichwa, na kila mmoja ana macho makubwa meusi. Hakuna mahali pa kusimama ambapo hawakuoni. Nimeona picha nyingi katika vitabu, nzuri kwa ustadi kuliko hizi. Sijaona nyingine iliyonifanya nijikague mifuko.

Kanisa lile lilisalimika mwaka 1888, wakati jeshi la Mahdi lililotoka Sudan lilipouteka mji na kuchoma makanisa yake karibu yote. Watu wa Gondar husimulia kwamba kundi la nyuki lilitoka ndani likawafukuza askari. Sikumwuliza mzee kama anasadiki. Yeye mwenyewe alisema, "Nyuki au si nyuki, dari ndiyo hiyo." Aliongeza kwamba miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo, Mfalme Tewodros, Mkristo na mwana wa nchi hiyo hiyo, aliupora mji huu. Hakupenda niandike moja nikaacha la pili.

Birika la Fasilides, ambalo watu huogelea ndani yake siku ya Timkat, tarehe 19 Januari, nililikuta kavu. Mizizi ya miti imeukumbatia ukuta wake kama vidole vya mtu anayezama. Kwa msafiri wa Desemba hakuna zaidi. Sehemu ya mji iliyojengwa na Wataliano ina posta na jumba la sinema la rangi ya mchanga. Nilinunua stempu, nikapita.

Jioni ya mwisho mzee alinialika nyumbani kwake. Mkewe alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa mbele yetu, akaipitisha tuivute harufu yake, akaitwanga, akaipika katika mtungi mweusi wenye shingo ndefu. Huko kahawa hunywewa mara tatu, na kuondoka kabla ya kikombe cha tatu ni utovu wa adabu. Cha kwanza huitwa abol, cha pili tona. Cha tatu, ambacho ni chepesi kwa sababu maji yameongezwa mara mbili, mama yule alinipa akasema, "Baraka." Nilidhani amesema Kiswahili. Ndilo jina lake.

Nilipomaliza kikombe hicho nilikiri. Nilimwambia mzee habari za msichana wa dirishani, na kwamba swali halikuwa langu. Hakushangaa. Aliuliza neno moja tu: "Ulimpa jibu?"

"Nilimwambia aandike kama nilivyosema."

Mzee akamfasiria mkewe. Mama yule akasema jambo, wakacheka wote wawili, nami nikauliza limesemwa nini. "Anasema," mzee akanijibu, "na mimi nilifanya hivyo miaka thelathini."

Nisiache kukuambia kwamba njia niliyoipita mwaka ule si njia ya kupitwa na kila mtu bila kuuliza kwanza. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020, vikadumu miaka miwili. Na mwaka 2023 mapigano yakazuka katika jimbo la Amhara lenyewe, ambamo Gondar umo. Kwa muda mrefu simu ya mzee haikupatikana. Ilipopatikana, alinipa salamu kwanza, kisha akaniuliza kama nimekwisha kusahihisha.

Nilikuwa nimekwisha kuanza. Januari 2019, shule zilipofunguliwa, darasa langu lilikuwa limepanda kidato cha tatu na kugawanywa, wengine wakiwa wameacha historia, wengine wamehamia shule nyingine. Nilimwita msichana yule penye mlango wa chumba cha walimu. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa sawa na jibu langu lilikuwa kosa, nikamweleza habari za chokaa, Mhindi na waashi wa Woleka. Alisikiliza akitazama chini, kama watoto wetu wafanyavyo mbele ya mkubwa. Nikamwomba daftari lake la mwaka uliopita.

"Analo ndugu yangu, mwalimu. Ameingia kidato cha kwanza, analitumia kujisomea."

Kesho yake akalileta. Nilifungua ukurasa ule, nikapiga mstari wa wino mwekundu juu ya sentensi yangu, nikaandika iliyo sahihi pembeni, nikatia sahihi na tarehe. Akalipokea kwa mikono miwili. Alipokwisha kugeuka akasimama.

"Na wale wengine, mwalimu? Tulikuwa arobaini na wanane."

Walipomaliza kidato cha nne nilikuwa nimekwisha kupata madaftari thelathini na moja.